Gitaa Lililopimwa kwa Kahawa: Miaka Arobaini na Sita ya Bwana Ladislaus Hawranek

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2014, saa kumi na moja kamili jioni, Bwana Ladislaus Hawranek atavua aproni yake na kuondoka katika karakana ya magitaa ya Brandner, hapa Ottakring, Vienna, baada ya utumishi wa miaka arobaini na sita, miezi tisa na siku ishirini na sita. Siku hizo ishirini na sita ameniambia nisithubutu kuziacha. Anasema mtu asiyehesabu siku zake hawezi kukabidhiwa milimita.

Mimi ni Gerlinde Pospischil, mpiga vanishi. Meza yangu ya kazi inatazamana na yake kwa mwaka wa ishirini na tatu sasa, kwa hiyo Bi Brandner, mwenye karakana, alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu kwa ajili ya sherehe, wote walininyooshea kidole. Nilikataa. Nikaambiwa basi ataandika mhasibu. Nikakubali mbio mbio. Mhasibu angemfanya Bwana Hawranek aonekane mtu wa kawaida, na huo ungekuwa uongo mtupu.

Alianza kazi tarehe 1 Septemba 1967, chini ya Mzee Brandner, babu yake bosi wetu wa leo. Mikononi mwake yametoka magitaa mia mbili na kumi na tatu, na zaidi ya nusu ni magitaa ya kinubi, haya ya shingo mbili ambayo vilabu vyetu vya mvinyo haviwezi kuishi bila hayo. Shingo ya kwanza ina nyuzi sita za kubonyeza. Ya pili, iliyo juu yake, ina nyuzi tisa nene ambazo hazibonyezwi kabisa. Zinagongwa kwa dole gumba na kuachwa zingurume. Jumla nyuzi kumi na tano, zote zinavuta ubao wa msonobari mwembamba kama sarafu mbili. Kulizuia gitaa la namna hiyo lisipasuke ni ufundi. Kulifanya liimbe ni kipaji. Kumfanya Bwana Hawranek aseme "si baya" ni muujiza, nami nimeushuhudia mara mbili tu.

Wanaomjua wanajua ugonjwa wake wa kugonga mbao. Ubao wowote akikutana nao lazima augonge kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: milango ya benki, meza za watu, kabati la harusi la mpwa wake. Siku ya mazishi ya Mzee Brandner alipita mbele ya jeneza kutoa heshima zake za mwisho, akaligonga mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Msonobari mzuri namna hii," akamnong'oneza mjane, "unakwenda kuzikwa."

Tulidhani mama wa watu atazimia. Kumbe alicheka mpaka padri akakohoa. Baadaye alituambia kuwa marehemu naye angeligonga, ila siku hiyo alikuwa upande wa ndani.

Halafu kuna ule wimbo. Bwana Hawranek si mpigaji, na hajawahi kujidai mpigaji. Kila gitaa analolimaliza hulijaribu kwa kipande kilekile kifupi cha wimbo mmoja wa zamani, kisha huacha katikati na kuliweka chini. Mwaka wa 1998 jirani wa ghorofa ya juu, Bi Sedlacek, aliteremka ngazi akiwa na kandambili na hasira.

"Bwana Hawranek," akasema, "miaka kumi na tisa nimevumilia. Sikuombi uache. Nakuomba uniambie huo wimbo unaishaje!"

"Sijui, mama," akajibu fundi wetu. "Nikifika hapo gitaa huwa limeshanijibu."

Kuhusu chakula chake cha mchana, yaani mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na kitunguu kibichi cha ukubwa wa ngumi, nimeombwa na Bi Brandner nisiandike kitu. Nimetii. Naongeza tu kwamba dirisha la upande wangu halijafungwa saa sita mchana tangu mwaka 1991, ila siku moja tu, hata theluji ikianguka.

Sasa niwaambie habari ya ubao wa nyuma ya mlango, maana bila hiyo hamtaelewa mwaka huu ulivyotutoa jasho. Mzee Brandner alitundika pale ubao mweusi wa shule, na juu yake majina ya mafundi wote. Gitaa likirudishwa kwa kosa la aliyelitengeneza, jina la fundi huyo linachorwa mstari wa chaki. Hakuna faini, hakuna karipio. Mstari tu. Mimi ninayo kumi na mmoja, na sioni haya, vanishi ina roho yake. Mbele ya jina la Hawranek palikuwa patupu. Magitaa mia mbili na kumi na mawili, na hakuna hata moja lililorudi! Tulimwita Mtakatifu Ladislaus, naye akijifanya hamnazo. Lakini kila mwaka mpya nilimwona akipita na kitambaa chenye maji, akifuta vumbi la ubao ule, na akifika kwenye jina lake anafuta polepole zaidi. Alitaka kustaafu pakiwa vilevile. Hakulisema, lakini karakana nzima ilijua.

Gitaa la mia mbili na kumi na tatu, ambalo ndilo la mwisho, liliingia mlangoni Oktoba iliyopita likiwa bado ni ugomvi. Mbele alikuwa Bwana Severin Moosbach, mpiga gitaa wa kilabu cha Mama Zenzi kule Stammersdorf, kabeba gitaa kuukuu lenye ufa. Nyuma yake alikuwa Bwana Gustl Pawera, mpiga kodiani wa kundi hilohilo, kabandika plasta juu ya jicho. Gustl amemwoa Burgl, dada yake Severin. Wawili hao na wapiga fidla wawili wamekaa benchi moja kila Jumapili kwa miaka thelathini na moja.

"Tazama, fundi," akasema Gustl, akionyesha plasta. "Tazama kazi ya shemeji yangu."

"Si mimi, ni shingo ya gitaa," akasema Severin.

"Na shingo imeshikwa na nani? Na marehemu bibi yako? Mwaka huu kanidunga mara saba, fundi. Saba! Nimemwambia, ya nane nafunga kodiani yangu naondoka. Nussdorf wananitaka."

"Nussdorf wanamtaka kila mtu. Hawana mpigaji."

Tulipowatuliza na kuwapa viti vilivyoachana, kisa kikaeleweka. Mama Zenzi alikuwa amenunua jokofu refu la kioo la kuuzia nyama baridi na jibini, na mahali pa kuliweka palikuwa pamoja tu, kwenye kona ya wanamuziki. Benchi lao likakatwa nusu mita. Sasa walikaa bega kwa bega kama mikate kwenye sinia, na ile shingo ya pili ya gitaa, ambayo zamani ilielea hewani kwa amani, ikawa inaishia usoni kwa Gustl.

"Kwani hamwezi kubadilishana viti?" niliuliza, kwa ujinga wangu.

Walinigeukia wote wawili, kwa mara ya kwanza siku hiyo wakiwa upande mmoja.

"Dada," akasema Severin kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "sikio lake zima ni la kulia. Akihama hanisikii."

"Na fidla ya kwanza lazima ikae dirishani," akaongeza Gustl. "Kwa ajili ya mkono wa upinde."

"Na baba zetu walikaa hivyohivyo."

"Na babu zenu?" nikauliza.

"Babu zetu," akasema Gustl, "hawakuwa na jokofu la jibini."

Wakati huo wote Bwana Hawranek alikuwa kalishika lile gitaa kuukuu, anaiangalia shingo ya pili, anaiangalia plasta, anarudi kwenye shingo. Kisha akasema atatengeneza gitaa jipya kabisa, la benchi lile, la kona ile, la watu wale wanne na si wengine. Nyuzi tisa zile zile, ngurumo ile ile, ila shingo ya pili iinuliwe na kugeuzwa ipite mbele ya paji la uso la Gustl bila kumgusa. Severin alimshika mkono akakaribia kulia. "Fundi, nikimpoteza huyu mpumbavu," akasema, "nimempoteza na dada yangu, na chakula cha Jumapili, na muziki. Nitabaki na gitaa tu."

"Huyo mpumbavu yuko hapa anasikia," akasema Gustl.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, kilabu kikiwa kimefungwa na viti viko juu ya meza, Bwana Hawranek alikwenda Stammersdorf kupima. Alinichukua nishike uzi. Aliwakalisha wote wanne bencheni na vyombo vyao, akafunga mpini wa fagio kwenye gitaa kuukuu kuwa shingo ya majaribio, akaning'iniza nati kwenye uzi, akapima. Alipima paji la uso la Gustl na kofia, kisha bila kofia. Alipima Gustl akivuta kodiani na akiibana. Mama Zenzi alikuwa jikoni akikaanga vitunguu, akawaletea kahawa, akatutazama kidogo, akatikisa kichwa akarudi kwenye kikaango chake. Laiti angesema kitu siku ile! Tulirudi na jibu: vidole vinne vya nafasi kati ya shingo na paji. Bwana Hawranek akachora gitaa lote kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kufungia nyama, na Severin na Gustl wakatia sahihi pembeni, mmoja kulia mwingine kushoto.

Miezi sita ilifuata ambayo ningeiita ya raha kama si vile vitunguu. Kwa uso wa gitaa alichagua mbao mbili za msonobari wa milimani alizozificha darini tangu 1974, akisubiri sijui nini. Alizipiga randa kidogo, akazigonga, akasikiliza, akapiga randa tena, mpaka nikamwambia akiendelea hivyo tutaweza kusoma gazeti kupitia mbao hizo. Mbavu alizilowesha na kuzikunja juu ya bomba la chuma lenye moto, taratibu, huku akizisemesha. Ndani akapanga mataruma saba ya kubeba ule mvuto wa nyuzi. Shingo kuu aliifunga kwa skrubu moja inayokazwa kwa ufunguo wa saa ya ukutani, kama desturi ya mafundi wa Vienna. Lakini shingo ya pili haina skrubu. Inagandishwa kwa gundi ya ngozi, na fundi akishaigandisha ameapa, hakuna kurudi nyuma.

Mimi nikapiga vanishi kwa wiki saba. Nisijisifu, ila kinyozi wa jirani alikuja kutengeneza nywele zake mbele ya mgongo wa gitaa lile. Nyuzi zilipofungwa, Bwana Hawranek akapiga kipande chake, akaacha katikati kama kawaida. "Si baya," akasema. Hiyo ndiyo ile mara ya pili.

Jumapili tarehe 4 Mei alasiri, tawi la msonobari, alama ya kwamba kilabu kiko wazi, likiwa limetundikwa juu ya lango la Mama Zenzi, karakana nzima ilikwenda kusikiliza. Na gitaa lile, jamani! Severin alipogonga uzi wa chini kabisa, glasi za meza yetu zilitetemeka na mzee mmoja karibu na jokofu akavua kofia. Wimbo wa kwanza, nafasi ilikuwa vidole vinne kamili. Wa pili, vinne. Gustl akatukonyeza. Bwana Hawranek akafungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Sasa, kilabuni wateja wakipendezwa na wimbo huwatumia wapigaji glasi, na kuirudisha glasi ya mteja ni tusi. Siku hiyo wateja walipendezwa sana. Ilipofika glasi ya tatu ukaanza wimbo wa polepole, na kwenye nyimbo za polepole Gustl hufumba macho. Akifumba macho huegemea kulia ili amsikie shemeji yake. Naye Severin, akishapata tatu, hulala nyuma kidogo kama mtu aliye kwenye beseni la maji moto, na gitaa hulala naye. Nilishuhudia vidole vinne vikiwa vitatu, vikiwa viwili, kikiwa kimoja.

Po!

Muziki ukakatika. Gustl alisimama, kashika jicho.

"Ya nane," akasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Akaiweka kodiani kwenye sanduku lake, akafunga vifungo viwili, akatoka. Dada yake Severin, Burgl, aliyekuwa meza ya pili, akamtazama kaka yake, akachukua mkoba wake akamfuata mumewe.

Mama Zenzi alikuja akiwa na sinia tupu, akasimama mbele ya fundi wetu.

"Uliwapima lini hawa, mwanangu?"

"Jumanne. Saa nne asubuhi."

"Walikuwa wanakunywa nini?"

"Kahawa," akasema Bwana Hawranek, na nikaona uso wake unabadilika neno likiwa bado mdomoni.

"Kahawa," akarudia Mama Zenzi. "Miaka thelathini na moja, mwanangu, sijawaona hawa wakipiga muziki kwa kahawa."

Hakuna aliyemlaumu. Severin mwenyewe, macho mekundu, alimwambia, "Ajali haina kinga, fundi. Kosa si lako, ni la mvinyo." Njiani kwenye tramu Bi Brandner akasema vipimo vilikuwa sahihi, mteja alitia sahihi, gitaa halina kasoro, na kwa sheria ya ubao hakuna kilichorudi. Zilibaki wiki saba na siku kadhaa. Angeweza kukaa kimya, akaondoka na jina safi, na sote tungempigia makofi. Alitazama dirishani safari nzima.

Jumatatu alichelewa. Kwa miaka arobaini na sita hakuwahi kuchelewa, tukaanza kupiga simu hospitali. Saa tatu na nusu akaingia, kabeba sanduku la gitaa. Alikuwa amekwenda mwenyewe nyumbani kwa Severin kulichukua. Akaliweka mezani, akaenda nyuma ya mlango, akachukua chaki, akachora mstari mbele ya jina lake. Chaki ilipiga kelele, au labda ni mimi.

"Futa hiyo," akasema Bi Brandner. "Hakuna aliyelirudisha."

"Nimelirudisha mimi."

"Bwana Hawranek, hukukosea kipimo!"

"Nilipima watu wanne wanaokunywa kahawa," akasema. "Hao hawapigi muziki popote. Wanaopiga muziki sikuwapima."

Siku hiyo nilijua kwa nini babu yake alimkabidhi mtu huyu funguo za darini.

Kazi ya kwanza ikawa kumpata Gustl. Tulikwenda kwake jioni hiyo, mimi na fundi. Alifungua mlango nusu, jicho limepiga rangi ya zambarau.

"Sirudi kupiga. Msijisumbue."

"Sijaja kukuomba upige," akasema Bwana Hawranek. "Nimekuja kukuomba ulewe."

Gustl akafungua mlango robo tatu. "Nilewe?"

"Kwa vipimo. Glasi moja moja, mpaka tano. Nahitaji kujua unaegemea wapi."

"Na shemeji?"

"Naye atalewa. Mtakaa mlivyozoea."

Kutoka jikoni Burgl akapaza sauti, "Gustl! Miaka thelathini nakukataza, leo anakuja fundi na aproni yake anakuomba, nawe unaringa? Chukua koti!"

Basi Jumapili ya tarehe 11 Mei, mapema alasiri kabla wateja hawajaingia, tulipima upya. Gustl alikaa akiwa amemgeuzia Severin mgongo kadiri benchi lilivyoruhusu, yaani si hata kidogo. Safari hii wakapiga nyimbo kwelikweli, gitaa kuukuu likiwa na mpini wa fagio, na kila baada ya glasi Bwana Hawranek alipiga alama kwa penseli. Nilishika uzi mbele ya paji la Gustl, naye akawa ananiuliza kama ninamtega samaki. Glasi ya kwanza hawakusemezana. Ya pili wakaanza kutukanana, tukajua tunakwenda vizuri. Ya tatu, Gustl aliegemea vidole vitatu. Ya nne, vitano, na Severin akalala nyuma vitatu. Ya tano Bwana Hawranek aliandika neno "wote", maana benchi zima lilikuwa limelala, na kuchora duara.

Jibu lilikuwa chungu. Haikutosha kuinua shingo ya pili kidogo. Ilibidi ing'olewe yote na kugandishwa upya, ikiwa imeelekea juu na nyuma, ipite juu ya kichwa cha Gustl na si mbele yake. Na gundi ya ngozi haiachii ila kwa mvuke. Karakanani petu mvuke wenye nguvu ulikuwa mmoja tu, wa mashine ya kahawa ya Bi Brandner, ya Kiitalia, ambayo yeye huipangusa kila Ijumaa kwa mkono wake na haiguswi na mtu mwingine.

Bi Brandner mwenyewe ndiye aliyeibeba. Akaiweka mezani, mkono mmoja juu ya mashine, mwingine kifuani. Bwana Hawranek akatoboa tundu dogo kwenye kiungo, akaingiza mrija, akaniashiria kwa kichwa nishike tumbo la gitaa. Mvuke ukaingia. Mbele ya macho yangu vanishi yangu, wiki zangu saba, ikaanza kugeuka nyeupe kama uji.

"Hawranek, muuaji wewe!" nikapiga kelele. "Mhuni! Kichwa kama kitunguu!"

"Gombana baadaye, Gerli," akasema. "Sasa shika."

Ikasikika sauti ya kitu kinachopasuka. Sote tukaganda. Kama ni uso wa msonobari, basi miezi sita na mbao za 1974 zimekwisha, na Severin amebaki bila gitaa na bila shemeji, na fundi wetu anakwenda nyumbani na hilo moyoni. Bwana Hawranek akaegemeza sikio, akaugonga ubao mara moja. Akagonga tena. Kisha akaivuta shingo, nayo ikatoka taratibu, nzima, kama jino la mtoto lililokuwa limeshalegea.

"Zima mashine," akasema, akakaa chini. Nikamletea mkate wake na kitunguu mwenyewe, na nikafunga dirisha, kwa sababu palikuwa na baridi na alikuwa amelowa jasho. Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini wahenga hawakuwepo siku ile kushika tumbo la gitaa.

Wiki tano za kutengeneza, kugandisha, na mimi kupiga vanishi upya. Jumapili iliyopita, tarehe 22 Juni, tukarudi kwa Mama Zenzi. Gustl alikubali kuja kwa wimbo mmoja tu, akaacha sanduku la kodiani wazi miguuni. Bwana Hawranek alishindwa kutazama. Alisimama uani, kagongagonga pipa la mvinyo, na akaniweka mimi dirishani nimpe habari.

Wimbo mmoja ukawa nyimbo mbili. Glasi ya kwanza, ya pili. Glasi ya tatu, wimbo wa polepole. Gustl akafumba macho, akaanza kuegemea. Kilabu kizima kikaacha kutafuna. Severin akalala nyuma, shingo ya gitaa ikainuka naye, ikapita juu ya kofia ya Gustl, na Gustl akazidi kuja, akazidi kuja, hakuna kilichomzuia, mpaka kichwa chake kikatua kwenye bega la Severin. Kikabaki hapo. Vidole vyake viliendelea kucheza juu ya kodiani.

"Shemeji," akasema Severin bila kusimamisha nyuzi, "una uzito."

"Nyamaza, piga," akasema Gustl, macho yamefumbwa.

Burgl, meza ya pili, aliweka mkoba wake chini ya kiti.

"Vipi?" Bwana Hawranek akauliza kutoka uani. Nikatoka nikamshika mkono nikamwingiza ndani akaone mwenyewe. Alisimama kando ya jokofu mpaka wimbo ukafika mwisho. Mama Zenzi akamsogezea kiti na glasi, akamwambia leo hapimi mtu, anywe. Akanywa. Akaletewa nyingine, na kuirudisha, nimeshawaambia, ni tusi. Kufikia ya tatu, wimbo mwingine wa polepole ukiendelea, fundi wa milimita alikuwa ameegemea bega langu, mzima mzima, na kitunguu chake. Sikusogea.

Bwana Hawranek, kwa niaba ya Bi Brandner na karakana nzima, asante kwa magitaa mia mbili na kumi na tatu, na asante zaidi kwa lile moja ulilolirudisha. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi, na milango mizuri ya kugonga. Maisha yako ya mapumziko yawe mema na marefu. Na Jumapili njoo mapema kwa Mama Zenzi, benchi letu nalo ni fupi, lakini tutabanana upate nafasi.